Daftari Lilikuwa kwa Nani?

Kibera haijawahi kukosa watu wa kuihesabu. Jeshi la mkoloni lilihesabu ekari, 4,197 kwa jumla, Kibera ilipotangazwa kuwa ardhi yake mwaka 1918. Tume ya Ardhi ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikapima haki za Wanubi, waliopewa makao pale kwa kulitumikia jeshi la King's African Rifles, ikaamua kwamba ni wapangaji tu wanaokaa kwa hisani ya Serikali ya Mfalme. Baadaye yakaja mashirika na milioni yao moja ya wakazi. Sensa ya 2009 ilipotoa idadi ya 170,070, ofisi nyingi za Nairobi zilikohoa kidogo zikabadilisha mazungumzo, maana maombi ya fedha yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa ile milioni.

Mimi nilizaliwa Makina, Kibera, nikaolewa Kawangware, upande wa Gatina. Tangu watoto wangu wakiwa wadogo mpaka nilipopata wajukuu nimekuwa mmoja wa hao wanaohesabu: mhudumu wa afya ya jamii, begi begani na kalamu mkononi, wa kubisha milango. Wageni huniuliza ni nani aliyeongoza huu ushirikiano wa afya unaosifiwa, wa serikali, mashirika na wananchi, na wengi wao huwa tayari wana jina la mkurugenzi fulani mdomoni. Mimi huwarudisha nyuma kwa swali moja. Daftari lilikuwa kwa nani?

Katika Kibera ya nyanya zetu halikuwako daftari lolote. Nairobi ya mkoloni iliielewa afya kuwa jambo la kubomoa na kuchoma. Tauni ilipozuka mwaka 1902, bazaar ya Wahindi iliteketezwa kwa moto, na kwa miongo mingi baadaye neno la afisa wa afya lilikuwa ndilo linalotangulia tingatinga. Vijiji vya Kibera havikuwa na bomba wala mtaro kwa sababu vilitarajiwa kuondolewa wakati wowote, na anayetarajia kukuondoa hakuchimbii choo. Ajabu ni kwamba hospitali zilikuwa karibu mno. King George VI, iliyoitwa Kenyatta baada ya uhuru, unaifikia kwa miguu. Mbagathi, ambayo wazee bado wanaiita IDH kwa kuwa ilijengwa kando kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza, iko karibu zaidi. Lakini mtu hakwenda IDH mpaka ndugu zake wawe wameanza kukata tamaa. Katikati ya hospitali na mlango wa nyumba palikuwa na pengo, na lililoliziba lilikuwa kundi la wanawake.

Mkunga aliyemzalisha mama yangu alikuwa Mnubi, haboba, yaani nyanya, wa watu wengi, mwenye mikono iliyonukia mafuta ya simsim. Hakujua kusoma. Alijua nani alipoteza mimba ya kwanza, nani ana damu kidogo, nani mumewe akilewa hupiga. Alilipwa sukari, sabuni, au ahadi. Usiku alipotumwa mtoto kumwita, hata wanaume waliokuwa wakigombana kichochoroni walimpisha. Nimekutana na wakurugenzi wengi wenye magari meupe, na sijamwona bado aliyepishwa hivyo.

Kawangware ilikuwa habari nyingine, na watu wa nje hukosea sana wanapoichanganya na Kibera kwa sababu mabati yanafanana. Dagoretti ilikuwa sehemu ya Kiambu mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963. Ardhi ilikuwa ya familia za Wakikuyu zenye mashamba na, baadaye, hati. Wapangaji walipoanza kumiminika, mwenye shamba alijenga safu za vyumba vya mbao na mabati, akakata shamba kuwa ploti, akawa mwenye ploti. Kibera mwenye nyumba ana kuta na paa tu, kwa ruhusa ya chifu, juu ya ardhi ya serikali. (Wanubi wenyewe walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017, karibu karne nzima baada ya lile tangazo la 1918.)

Tofauti hiyo inaonekana ya wanasheria, lakini ndiyo iliyoamua nani anaharisha na nani haharishi. Ukitaka choo Kibera unaenda kwa chifu na wazee wa kijiji, unaketi barazani, unatafuta mahali ambapo hakuna nyumba, na mahali hapo hapapatikani. Mwenye nyumba atakuambia kwa nini ajenge choo kwenye ardhi isiyo yake, ilhali chumba kimoja cha kupangisha kinaingia palepale penye shimo. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu walijisaidia kwenye mfuko wa plastiki usiku, wakaufunga, wakaurusha juu ya paa la jirani. Kawangware ardhi ina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa jina. Huenda anaishi pale pale mbele ya ploti kwenye nyumba ya mawe. Kazi ya mhudumu wa afya pale ni kumsihi mtu mmoja. Unamwendea baada ya ibada, unamsifu mjukuu wake, halafu unamwambia shimo la choo limejaa na wapangaji wameanza kuhama. Hiyo ya wapangaji kuhama ndiyo inayomwamsha. Nimeona mafunzo ya uongozi ya siku tano hotelini ambayo hayakufika hata karibu na ujuzi huo.

Kwa hiyo Kibera ilipata mashirika, na Kawangware ikapata kanisa, chama na mwenye ploti. Kamera zilikwenda Kibera. Nasema hivyo bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo.

Wazo lenyewe, kwamba wanakijiji wachague mtu wao, afunzwe, atibu yale madogo na kupeleka hospitalini yale makubwa, halikuzaliwa Nairobi. Lilijaribiwa Kakamega katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 na Daktari Miriam Were, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa daktari, na Saradidi huko Siaya, ambako Daktari Dan Kaseje na kanisa walifanya kazi na wanakijiji. Dunia ilipokutana Alma-Ata mwaka 1978 na kutangaza afya ya msingi kwa wote, kwetu kulikuwa na vijiji ambavyo tayari vilikuwa vinajaribu. Mjini wazo hilo lilichelewa. Wapanga mipango walidhani mtu wa mjini ana hospitali, basi anahitaji mhudumu wa nini? Halafu Desemba 1989 serikali ikaleta ada katika hospitali zake, ile iliyoitwa kuchangia gharama. Ikaondolewa kwa sehemu, ikarudishwa. Mpaka sera ya shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa vituo vya afya ilipokuja mwaka 2004, mtu wa Laini Saba, Kibera, alikuwa amejifunza kungoja ugonjwa uishe wenyewe, au umalize.

Na ukimwi ulikuwa umefika.

Kisa cha kwanza Kenya kilitambuliwa mwaka 1984. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Hiyo miaka 15 katikati ndiyo iliyotufanya sisi tuwe tulivyo. Mtu alisemwa kwamba amekanyaga waya, na baada ya hapo jirani hakumkopesha kikombe. Vijana walirudi mashambani kufa. Waliokosa nauli walifia chumbani, futi 10 kwa 10, na mtoto mkubwa wa miaka tisa akiwa ndiye muuguzi. Kibera shirika la kienyeji la KICOSHEP lilikuwa limeanza mwaka 1991, likiongozwa na Anne Owiti, wakati ambapo wengi hawakutaka hata kulitaja jina la ugonjwa. Amref ilikuja kuwa na kituo Laini Saba. Médecins Sans Frontières, ambao mtaani tunawaita MSF, walifika mwishoni mwa miaka ya 1990. Makanisa yalikuwa na vikundi vya kutembelea wagonjwa. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Daftari langu la kwanza lilikuwa la shule, la kurasa 96, jalada la bluu lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nililinunua mwenyewe. Upande wa kushoto niliandika nyumba, si kwa nambari, maana hazikuwako, bali kwa alama: mlango wa kijani karibu na kinyozi, chumba cha nyuma ya mama samaki. Upande wa kulia niliandika kilichofanyika: ameoga, amekula uji, vidonda vimesafishwa, ameomba kuonana na kaka yake. Jina la ugonjwa halikuandikwa. Daftari likianguka matopeni na kuokotwa, asingeonekana mtu ndani yake. Glavu zilipokwisha tulivaa mifuko ya maziwa. Tuliyoyajua kuhusu kutunza siri tulijifunza kwa kuogopa, miaka mingi kabla semina haijatufundisha.

Kawangware, nilikoolewa, kazi hiyo hiyo ilikuwa ikifanywa na wanawake wa parokia na wa vyama vya kuweka akiba, tena kwa utaratibu mkali zaidi, kwa sababu chama kina mweka hazina na mweka hazina hana mchezo. Programu ya Lea Toto ya shirika la Nyumbani, iliyoanza Kangemi mwaka 1998 kuhudumia watoto wenye virusi wakiwa majumbani mwao, ilifungua vituo Kawangware na Kibera pia. Mwanzilishi wa Nyumbani, Padri Angelo D'Agostino, alikuwa daktari Mmarekani asiyeogopa ugomvi. Mwaka 2001 alitangaza kwamba ataagiza dawa za bei nafuu kutoka India wakati kampuni kubwa zikilinda hataza zao, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria iliyofungua mlango kwa dawa kama hizo. Shule za umma zilipowakataa watoto wake, alikwenda mahakamani. Huo ni uongozi, sina ubishi. Lakini mtoto hakufika kwenye dawa za padri mpaka shosho yake akubali kumtoa nyumbani, na shosho aliyezika watoto watatu hakubaliani na yeyote kwa haraka. Aliyeketi naye, akamenya viazi naye, akarudi Jumanne na Alhamisi bila kutaja kliniki, alikuwa mwanamke wa ploti ya tatu. Jina lake halimo katika taarifa yoyote ya mwaka.

Kisa kinachosimuliwa zaidi Kibera ni cha Tabitha Atieno Festo. Alikuwa muuguzi, mjane, asiye na kazi. Mwaka 2000 mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka North Carolina, Rye Barcott, alimpa shilingi zilizolingana na dola 26. Tabitha akafanya biashara ya mboga, na kwa faida yake akafungua kliniki nyumbani mwake. Mwaka 2001 Barcott, Tabitha na kijana wa Nairobi, Salim Mohamed, wakaanzisha Carolina for Kibera. Tabitha alifariki Desemba 2004. Mwaka uliofuata jarida la Time na wakfu wa Gates wakalitaja shirika lile miongoni mwa mashujaa wa afya duniani. Kliniki ikapewa jina lake, ikapata jengo la ghorofa.

Naipenda hadithi hiyo, ila sipendi inakoanzia. Siku zote inaanzia kwenye dola 26. Tabitha alikuwa muuguzi kabla ya dola hizo. Alikuwa na mafunzo, alikuwa na majirani waliojua mlango wake, alikuwa na ule uthubutu wa kumwambia kijana mgeni hasa anachotaka. Wengi walipewa zaidi ya dola 26 Kibera, na leo huoni hata kibanda. Hadithi ikianzia kwenye pesa, kiongozi anakuwa mtoaji. Ikianzia kwenye shule ya uuguzi aliyopitia Tabitha, au kwenye usiku wa kwanza alipofunguliwa mlango na mgonjwa, sura zinabadilika kabisa, na hata fedha za umma zingejua ziende wapi.

Ilikuwa katika kliniki hiyo ya Tabitha ambapo KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na CDC ya Marekani waliweka mojawapo ya kazi kubwa za ufuatiliaji wa magonjwa mijini Afrika. Tangu katikati ya miaka ya 2000 wahoji walizunguka vijiji vya Gatwekera na Soweto, nyumba kwa nyumba, kila baada ya wiki mbili, wakiuliza nani amekohoa, nani ameharisha, nani amekuwa na homa. Familia zilizoandikishwa zilitibiwa bure. Watu zaidi ya 25,000 walikuwa katika hesabu hiyo. Mitaani kila utafiti unaotoa damu huzaa uvumi, na waliouzima walikuwa vijana wa kijijini walioajiriwa kuuliza maswali, maana ni vigumu kumwita mnyonya damu mtu uliyesoma naye darasa la nne. Kutoka katika maswali hayo ilijulikana kwamba homa ya matumbo Kibera iliwapiga hasa watoto wa miaka mitano hadi tisa, wakati watu wengi waliihesabu kuwa ugonjwa wa watu wazima wanaokula vibandani. Julai 2025 Kenya ilipoanza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya matumbo, nilimwambia binti yangu kwamba sindano ile ina jasho la Gatwekera ndani yake. Alidhani nimeanza kuzeeka.

Serikali nayo iliingia mwaka 2006 na mkakati wake wa afya ya jamii. Sasa tukawa na umbo: kitengo cha watu 5,000, wahudumu 50, kila mmoja nyumba 20. Baadaye hesabu ikabadilishwa, wahudumu 10 kwa kitengo, nyumba 100 kila mmoja, na mshahara ukabaki uleule, yaani hakuna. Tukapewa madaftari yenye nambari. MOH 513 la kuandikisha nyumba zote. MOH 514 la kazi ya kila siku. MOH 100, karatasi ya kumpeleka mgonjwa kituoni, ambayo muuguzi mwenye haraka aliitupa kando bila kuisoma mpaka tulipomzoea. Na MOH 516, ubao mweusi wa kuandikwa chaki ili kila mpita njia aone hali ya kijiji chake: wajawazito wangapi, watoto wangapi hawajachanjwa, nyumba ngapi hazina choo.

Ubao huo naupenda kuliko vyote. Aliyeubuni alielewa kwamba takwimu ikisomwa na mama mboga ina nguvu tofauti na ile inayosomwa Afya House, makao makuu ya wizara.

Tatizo lilikuwa washirika. Kila mmoja alikuja na daftari lake. Mradi wa kifua kikuu ulikuwa na fomu zake, wa uzazi wa mpango zake, wa lishe zake na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Mhudumu mmoja alibeba mifuko mitatu na kuingia nyumba ileile mara tatu, kwa sababu posho ya mradi mmoja haikuruhusu swali la mradi mwingine. Vijiji vilivyo karibu na barabara vilitembelewa mpaka vikachoka. Kule chini mtoni, ambako mafuriko huingia vitandani, hapakuwa na mtu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini sisi mgeni tulimpa kiti cha mbele na kipaza sauti, naye akakaa miaka 10. Shirika moja, jina nalihifadhi, lilipofunga mradi wake lilituma pikapu kuchukua madaftari yote, na ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za miaka mitano za vijiji viwili. Tuliuliza kama tunaweza kunakili. Tukaambiwa ni mali ya mfadhili. Mwenzangu mmoja, mwanamke mpole asiyepaza sauti hata akiuza samaki, alikaa juu ya sanduku moja akakataa kuinuka. Sanduku lile lilibaki.

Walioshika daftari walijulikana hasa mwanzoni mwa 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, reli iling'olewa Kibera, soko la Toi likateketea, na vijiji vikagawanyika kwa lugha ya mama. Watu wenye dawa za kila siku walikwama upande usio wao. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa bure katika vituo vya serikali tangu 2006, na wengi walikuwa wamepata nguvu za kurudi kazini. Kukosa dozi kulimaanisha kurudi kule tulikowatoa. Madaktari walikuwa na dawa lakini hawakujua nani yuko wapi, maana watu walikuwa wamelala viwanja vya chifu, makanisani, Jamhuri kwenye uwanja wa maonyesho. Wahudumu walijua. Mjaluo alimpa Mkisii kifurushi, Mkisii akampa Mkamba, Mkamba akavuka. Hakuna aliyeandika itifaki ya jambo hilo. Kawangware tulipata zamu yetu Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, vijana wa kabila hili na lile walipokabiliana kule eneo la 56. Kliniki zilifungwa. Tulipigiana simu, tukagawana nyumba kwa kufuata nani anaweza kupita wapi bila kuulizwa jina la baba yake.

Mengine nayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo. Shirika la KWAHO lilitufundisha kuweka maji kwenye chupa za plastiki juu ya mabati, jua liue vijidudu kwa saa sita. Ilifaa Januari, Julai haikufaa. Umande Trust walijenga vyoo vyenye kutoa gesi ya kupikia, vinavyoendeshwa na vikundi vya wenyeji, na vikundi vikaona faida. Mwaka 2009 vijana wa Map Kibera walichora ramani ya mtaa ambao kwenye ramani za mji ulionekana kama eneo tupu, wakaonyesha zahanati na famasia zilivyosongamana, na vijiji ambavyo havina hata moja. Kennedy Odede, aliyeanza SHOFCO mwaka 2004 na mpira wa senti 20 za Marekani, aliinua mabomba ya maji juu ya nguzo ili yasipasuliwe na wauza maji, na ni huko juu wageni hupiga picha. MSF walikabidhi kituo cha Kibera Kusini kwa kaunti mwaka 2017, baada ya miaka kama 20 mtaani, na hilo la kukabidhi nitalisifu daima, kwa sababu walitangaza mapema na wakaacha vitabu.

Corona ilituongezea kazi na kutupunguzia heshima: Machi 2020 tulitumwa na ndoo na sabuni tukawaambie watu wakae mbalimbali katika chumba cha watu saba. Kafyu ya usiku ilikuwa hatari zaidi kwa wajawazito kuliko virusi vyenyewe. Daktari kijana, Jemimah Kariuki, alianzisha Wheels for Life, gari la kuwapeleka hospitalini bila malipo. Wakati mwingine mwenye leba alikuwa ndani ndani kichochoroni ambako gari haliingii, na mikono ya kumfikisha barabarani ilikuwa ileile.

Septemba 2023, pale Uhuru Park, Rais Ruto alituzindua upya, zaidi ya 100,000 nchi nzima. Tukapata jina jipya, fulana, begi lenye mashine ya presha, glukomita, mizani na kipima joto. Tukaahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa wanaouliza kama zinafika: nusu mbili zina tabia ya kutosafiri pamoja. Ila mashine ya presha imefanya kazi ambayo sikuitarajia. Wanaume wa mjengo, ambao kwa maisha yangu yote walijificha nikibisha, sasa wananiita wenyewe, wanakunja mkono wa shati.

Na tukapewa simu. Daftari liliingia ndani ya simu, na habari za nyumba zikawa zinaondoka mtaani palepale zinapoandikwa. Ni rahisi zaidi, sikatai, hazilowi mvua. Januari 2025, serikali mpya ya Marekani iliposimamisha misaada yake, washauri wa rika na wafuatiliaji wa wagonjwa katika vituo vingi waliambiwa wakae nyumbani, na baadhi ya waliokuwa wakipigiwa simu kukumbushwa dawa hawakupigiwa tena. Waliowatafuta ni sisi, kwa orodha zilizobaki kwenye karatasi. Kabla vumbi halijatua tulikuwa tayari tunatumika kuwaandikisha watu kwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Maswali yake yanataka kujua paa ni la nini, choo ni cha aina gani, mna mifugo, mnapikia nini, ili mashine ikadirie mtu asiye na mshahara alipe kiasi gani, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Jirani aliyenionyesha vidonda vya siri bila kusita sasa ananitazama kwa jicho la pembeni nikiuliza kama ana kuku.

Kamati ya kitengo chetu ilikutana juu ya hilo kanisani, baada ya ibada ya pili. Mwenyekiti ni mwanamke anayeuza mitumba karibu na stendi ya 46, na hakuzungumza sana. Aliuliza kama kuna anayekumbuka ulipo ubao wa chaki. Ulikuwa nyuma ya madhabahu, umeegemezwa ukutani, umeandikwa ratiba ya kwaya. Tukaufuta. Sasa kila mwezi, kabla hatujabonyeza kutuma, tunaandika hesabu ubaoni na kuusimamisha nje langoni: wajawazito, chanjo, presha, vyoo vilivyofurika, vikipangwa kwa ploti. Afisa mmoja alipita akauliza nani ametoa idhini ya kuanika takwimu. Mwenyekiti alimwonyesha nambari ya fomu pembeni, MOH 516, fomu ya wizara yake mwenyewe, afisa akaisoma mara mbili. Mwezi uliofuata akaja mwenye ploti mmoja, amevaa suti ya Jumapili, kulalamika kwamba hata bila jina lake kila mtu anajua ploti yenye vyoo viwili na vyumba 31 ni ya nani. Tulimpa kiti. Fundi wake alianza kuchimba Jumatano, na mawe yameziba njia ya kwenda bombani, kwa hiyo sasa wanaolalamika ni wapangaji.